Mkamwana wangu anapenda kijivu, mimi nimezoea rangi za kanga

Assalaam alaikum Bi Somo,

Natumai u mzima wa afya. Mimi ni mama wa miaka 56, nakaa Wete, Pemba. Nashona tangu nilipopata akili zangu. Kofia za mkono alinifundisha mama, barazani kwetu, baada ya sala ya alasiri: nguo nyeupe juu ya nguo nyeupe, uzi mweupe, kitundu kimoja baada ya chengine mpaka jua lizame. Marehemu mume wangu hakuvaa kofia ya mkono mwengine maisha yake yote. Siku hizi macho yamepungua nguvu, kofia moja inanichukua nusu mwaka, kwa hiyo nimehamia kwenye mifarishi ya vipande. Nakusanya kanga, vitenge na mabaki ninayopewa na fundi jirani yangu, nakata, naunga, natia nguo nzito katikati, napiga sindano. Kwangu kila kitanda kina mfarishi wangu, na ukiingia chumba chochote unapokewa na rangi.

Mwanangu wa kiume kaoa mwaka jana, msichana wa mjini Unguja. Ana adabu, ana huruma, sina la kumsema. Wamejenga Fuoni, na in shaa Allah watahamia Mfunguo Pili. Nimenuia kumshonea mfarishi wa kitanda chao kikubwa, uwe ndio mkono wangu katika nyumba ile.

Basi akanitumia picha za chumba kwa simu. Ukuta mweupe. Mapazia ya kijivu. Zulia la kijivu. Shuka rangi ya majivu ya kuni. Kitu chenye rangi ni mto mmoja mdogo tu, wa manjano ya binzari, umewekwa katikati ya kitanda. Nikakitazama kikapu changu cha vipande, vyekundu, vya chungwa, vya kijani cha jani la mgomba, nikahisi mikono imeniishia. Nilimpigia nikamuuliza, "Mwanangu, unapenda rangi gani?" Akanijibu, "Yoyote tu mama, chako chochote mimi nakipenda."

Sasa nitaamini lipi, maneno yake au picha? Nikishona ninachokijua mimi, naogopa yasije yakanifika yale ya mara ya kwanza. Miaka mitatu nyuma nilimshonea mke wa mtoto wa ndugu yangu mito sita ya kanga, nimeitia moyo wangu wote. Nilipokwenda kumtazama nikaikuta stoo, chini ya ndoo za rangi ya ukuta. Sikusema kitu, lakini usiku ule sikulala. Na nikishona kijivu kitupu, naona kama nitakuwa nashona kitu kisicho uhai.

Kuna mengine mawili. Dada yangu ananikataza kabisa, ananiambia, "Utampelekea mtoto wa watu viraka? Kwao watasemaje?" Na mimi nna doti mbili za kanga za marehemu mama. Moja jina lake WEMA HAUOZI, nyekundu na nyeupe. Nilifikiri niitie upande wa chini wa mfarishi, isionekane, lakini iwepo. Nilishaitandika kitandani nikashika mkasi, nikaona nikipita pale katikati nitabaki na WEMA HAU huku na OZI kule, nikaurudisha mkasi kwenye kikapu.

Nishauri, Bi Somo. Nimebakiwa na kiasi cha miezi minne.

Mshoni wa Wete

*

Waalaykumu salaam, mwenzangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale pale, uliposema nguo nyeupe juu ya nguo nyeupe, uzi mweupe.

Kama umeiweka kofia hata moja ya marehemu, nenda kaichukue uishike karibu na dirisha. Haina nyekundu wala chungwa. Ina tabaka mbili za nguo, vitundu vilivyozungushiwa uzi, mistari iliyoinuka na mistari iliyolala, na mwanga ukiipiga ubavuni unaona nyota, unaona majani, unaona miezi ya maisha yako. Hapana mtu, Pemba wala Unguja, aliyewahi kuitazama kofia kama ile akasema haina uhai. Basi mkamwana wako hakupenda kitu kigeni kwako. Anapenda ulichokifanya tangu utotoni, isipokuwa yeye anakitaka kitandani. Kwenye mifarishi yako umezoea rangi itangulie na sindano ifuate nyuma yake. Kwenye mfarishi wa kijivu sindano ndiyo inayotangulia, na sindano hiyo wewe unayo.

Kwa hiyo nakwambia bila ya kuzunguka: mshonee wa kijivu. Chumba cha kulala ndicho chumba cha nyumba ambacho mke hapaswi kupangiwa na mtu. Sebuleni kuna wageni, jikoni kuna wakwe na mawifi, lakini kile kitanda ni chake na mumewe, na atakiona kila asubuhi akifumbua macho. Kitu kikubwa cha futi 9, chekundu na cha chungwa, katika chumba alichokitafutia kila rangi kwa utulivu, kitamlazimu achague baina ya chumba chake na wewe. Usimtie katika hukumu hiyo.

Na ile mito iliyokulaza macho wazi, naomba uitazame upya. Yule mtoto hakuitupa. Hakuwa na pa kuiweka. Zawadi ikikosa mahali pake ndani ya nyumba hujikuta stoo hata kama aliyepewa anampenda aliyetoa, na jambo hilo hutokea siku ile tunapoikata nguo kabla ya kuuliza.

Wewe umeuliza, hilo ni kweli, lakini umeuliza swali ambalo mkamwana hawezi kulijibu. Mavyaa akisema "unapenda rangi gani", jibu la mtoto aliyelelewa ni "yoyote tu mama". Ile ni heshima, na ukiishika kama ni jibu utapotea njia. Muulize kwa njia isiyomtaka akukatalie. Nunua vipande vidogo vya nguo, vibanie kwenye karatasi viwili viwili, mpe mwanao akija au mtu anayevuka na boti kwenda Unguja, na umwambie, "Nimekwama baina ya hivi viwili, nisaidie kuchagua." Hapo humuombi akubali wala akatae, unamuomba msaada, na kumsaidia mavyaa ni jambo analoliweza kwa furaha. Fanya hivyo mara tatu nne na utakuwa umeijua ladha yake kuliko angekuandikia ukurasa mzima.

Muombe pia kipande cha pazia. Fundi akipunguza urefu wa mapazia hubaki ukanda, na mara nyingi hukaa kabatini. Picha ya simu haitoshi kabisa. Taa ya chumba inageuza rangi, simu nayo inageuza yake. Na kijivu, mwenzangu, si rangi moja. Kuna kijivu chenye ubuluu ndani yake, kama bahari ya Masika wingu likitanda, na kuna kijivu chenye udongo, kama gome la mnazi. Kila kimoja peke yake kizuri. Viweke pamoja kitanda kimoja bila ya mpango, na kimoja kitaonekana kichafu. Njia ya kuvijua ni nyepesi: kiweke kipande cha pazia juu ya bafta nyeupe safi, dirishani, saa 4 za asubuhi. Penye weupe mtupu ubuluu au udongo utajitokeza wenyewe. Kisha kila nguo utakayoinunua iende upande huo huo.

Ukishaujua upande, tafuta nguo sita zinazoshuka ngazi: nyeupe, nyeupe ya maziwa, kijivu hafifu, kijivu cha kati, kijivu kizito, na moja inayokaribia weusi wa kaniki. Zipange kitandani, rudi nyuma hadi mlangoni, uyafinye macho. Ikiwa mbili zinaonekana kitu kimoja, badilisha moja. Watu hushindwa hapa. Wananunua kijivu sita za uzito mmoja, kisha wanalaumu rangi.

Hesabu yake nimekufanyia, maana najua ndipo mtu anapokaa wiki mbili anaogopa mkasi. Nimechukulia kitanda ni futi sita kwa sita, lakini muulize mwanao apime godoro lenyewe kwa futi, na unene wake. Katikati weka vipande 36 vya inchi 12, sita kwa sita. Ukate inchi 12 na nusu, ili robo inchi kila upande iliwe na mshono. Nguo ya upana wa inchi 45 inatoa vipande vitatu kwa upana, na yadi moja inatoa safu mbili, ndiyo vipande sita. Basi yadi moja ya kila nguo katika zile sita inakutosha sawasawa. Zifue kwanza, na ikiwa dukani wameipima yadi kwa kubana, ongeza robo. Pembeni mwa vipande 36 tia ukingo wa inchi 18, kushoto, kulia na miguuni, nguo moja tu, ile ya kijivu cha kati, yadi 4 nyengine. Kichwani usitie kitu, mito inakaa hapo. Utapata mfarishi wa upana wa futi 9 na urefu wa futi 7 na nusu.

Nguo zote ziwe za pamba tupu, na zote zifuliwe kabla ya kukatwa, mpaka maji yatoke meupe. Ile iliyokaribia kaniki ijaribu peke yake: irowe, iweke baina ya bafta mbili nyeupe, ikandamize kwa mkono, uiache usiku mmoja. Bafta ikishika rangi, rudia kuifua, na ikiendelea kuchuja, iache. Nguo moja inayochuja itaharibu miezi yako minne kwa beseni moja la maji.

Katikati usitie pamba nene. Fuoni si Lushoto. Wakati wa Kaskazi hata shuka inachosha, na mfarishi mzito utaishia kukunjwa juu ya kabati, si kwa kutopendwa bali kwa joto. Flaneli moja nyembamba, au blanketi la pamba lililochakaa na kufuliwa mara nyingi, linatosha kuupa mfarishi mwili bila ya kumtoa mtu jasho. Upande wa chini tia marikani au bafta, upana tatu zilizoungwa, yadi 8 na nusu, ili ubaki na nguo ya kushikia kila upande. Marikani ina haki yake kwetu. Jina lenyewe limetoka kwenye majora yaliyokuwa yakiletwa Unguja na meli za Marekani karne ya 19, na hapana nguo inayovumilia kufuliwa kama ile.

Sasa sindano, na hapa ndipo ninapokuonea wivu mwema. Chukua nakshi ya kofia ile ya marehemu. Vitundu viache, maana tundu kwenye nguo inayovutwa na kufuliwa litachanika. Chukua mistari tu. Ile nyota yenye upana wa vidole viwili, ichore upya kwa chaki iwe na upana wa inchi 10, na uiweke katika kila kipande. Piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia tu, tabaka zote tatu kwanza, uanze katikati uende nje, ili nguo isikunjamane. Kisha shona kwa mkono, uzi wa kijivu hafifu juu ya nguo zote. Juu ya nyeupe utaonekana kama kivuli, juu ya ile nyeusi utaonekana kama chaki. Shona asubuhi. Kijivu juu ya kijivu chini ya taa ni adhabu kwa macho yako, nayo bado tunayahitaji. Mshono wa mfarishi si mdogo kama wa kofia, utakwenda kwa kasi kuliko unavyodhani.

Wanawake wa Kisiddi wa Karnataka, kule Uhindini, ambao wazee wao walitoka Afrika wakavushwa bahari hii hii yetu, wao hushona mifarishi yao kinyume: wanaanza ukingoni, wanazunguka kuelekea katikati. Na katika pembe nne wanatia vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembetatu juu ya pembetatu, wanaviita phula, yaani maua. Kwao mfarishi usio na maua hayo haujakamilika. Nimekutajia hili kwa sababu ya ule mto wa binzari.

Ule mto haukuwekwa kwa bahati. Mtu aliyenunua kila kitu kijivu, kisha akaweka mto mmoja wa manjano katikati kabisa ya kitanda, amekuonesha mlango wake. Huo ndio wa kupitia. Mkunjie pembetatu za manjano ya binzari pembe nne za mfarishi, na mkunjo mwembamba wa rangi hiyo uzunguke pindo lote, upana wa robo inchi, basi. Huu ndio mkono wako wa kanga, na hapo ukomee. Ukihisi unataka kuongeza kipande kimoja cha chungwa, weka sindano chini, kanywe chai.

Dada yako nimemfahamu, na sitaki umuone adui. Neno kiraka kwetu lina historia ya dhiki. Kiraka kilikuwa ni nguo ya mtu asiye na nyengine, na mama wa bibi harusi akisikia binti yake kapelekewa viraka ana haki ya kushtuka. Lakini mfarishi huu ni wa nguo mpya yadi kwa yadi, iliyokatwa kwa makusudi. Mwambie dada aje aone nguo kabla hujazikata, azishike. Mkumbushe pia wanavyosimulia wazee kuhusu kanga yenyewe: kwamba mabibi wa Unguja walinunua leso zilizochapwa, zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora, wakaziunga mbili kwa tatu wakapata nguo moja ya kujifunga, na ndipo wenye maduka walipoanza kuagiza nguo nzima. Jina la leso lingali likitumika Mombasa mpaka leo. Kanga anayojifunga dada yako asubuhi asili yake ni vipande sita vilivyoungwa.

Na za mama, mwenzangu, hizo usizitie.

Zina sababu za ufundi. Kanga iliyofuliwa miaka mingi imekwisha nguvu, na upande wa chini wa mfarishi ndio unaosuguliwa kila usiku. Nyekundu ikikaa chini ya nyeupe nyembamba itapenya kama kivuli, na chumba chote cha yule mtoto kitapata waridi asiloliomba. Lakini sababu yangu kubwa siyo hiyo. Ukishampa mfarishi, ni wake. Ataufua anavyojua, pengine ataurowesha na jiki. Ataulaza mtoto mgonjwa juu yake. Siku moja anaweza kumpa mdogo wake. Hayo yote ni halali yake, na wewe ukijua kwamba WEMA HAUOZI imo ndani, kila ukienda Fuoni macho yako yatakwenda kitandani kabla hujamsalimu. Utakuwa umempa zawadi kwa mkono mmoja na kuishika kwa mwengine.

Mkono wako uliugomea mkasi, nao umekufaa. Usikate. Kanga moja nzima ni mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, mfarishi mwepesi wa mtu mmoja. Itandike vile vile ilivyo, jina lake liwe upande wa miguuni, chini yake flaneli, chini ya flaneli bafta, na ushone ukifuata maua ya mji, yaani ya katikati ya kanga, na mistari ya pindo yaliyokwisha chapwa, hata chaki huhitaji. Herufi zizungukie, usizipite juu. Hii iwe yako, kwenye kitanda chako cha Wete, penye rangi zako zote. Ile doti nyengine iache sandukuni na udi wake. Na mjukuu akija, akalala kwa bibi, atafunikwa hiyo, na atauliza imeandikwa nini.

Siku ya kuupeleka, upeleke umefuliwa na kupigwa pasi, ndani ya shuka safi, umkabidhi yeye mkononi, na ukae chumba cha nje unywe kahawa yako. Usimsindikize chumbani kuutandika. Ukienda tena baada ya mwezi usiulize uko wapi. Pengine utaukuta umekunjwa miguuni mwa kitanda, pengine ameuweka kwa wageni, pengine ameutandika na ule mto wa binzari juu yake. Mwache auzoee kwa wakati wake.

Kwa sasa kazi yako ni moja: kile kipande cha pazia. Kikifika, kiweke juu ya bafta dirishani kama nilivyokwambia, kisha niandikie kimeangukia wapi, kwenye bahari au kwenye mnazi.

Bi Somo